Sikio na Hesabu: Historia ya Kukokotoa Ukubwa wa Sauti

Kila mwaka tufikapo mada ya mkazo katika somo la fonetiki, wanafunzi huandika bila kusita kwamba silabi yenye mkazo ni ile "itamkwayo kwa nguvu zaidi". Fasili hiyo wameitoa vitabuni, wala siwezi kuwalaumu. Lakini nikiwauliza ni nguvu ya nini, darasa hunyamaza. Je, ni nguvu ya pumzi itokayo kifuani mwa msemaji? Ni nguvu ya mawimbi yasafiriyo hewani, ambayo mtambo waweza kuipima? Au ni ule ukubwa ausikiao msikilizaji? Mambo haya ni matatu, na kwa kuwa Kiswahili cha kila siku huyataja yote kwa tamko moja, "sauti kubwa", au hata "sauti ya juu", ambalo pia hutumika kwa sauti nyembamba, si ajabu yakichanganywa. Katika makala haya nitatumia neno *nguvu* kwa lile la hewani na *ukubwa* kwa lile la sikioni. *Kidatu* nitakiacha na maana yake ya kawaida, yaani wembamba au unene wa sauti. Nia yangu ni kueleza jinsi wataalamu walivyojaribu, kwa zaidi ya karne moja na nusu, kuupata ukubwa kutokana na nguvu kwa njia ya hesabu, na ni nani walioulizwa kabla hesabu hizo hazijaandikwa.

Habari yenyewe yaanzia Leipzig, Ujerumani. Huko Ernst Heinrich Weber alikuwa amechunguza namna watu wanavyotambua tofauti za uzito mikononi mwao, akaona kwamba kinachotambulika si tofauti yenyewe bali uwiano wake: aliyebeba mzigo mwepesi huhisi nyongeza ndogo, na aliyebeba mzito huhitaji nyongeza kubwa ndipo ahisi kitu. Gustav Theodor Fechner, mwanafizikia wa mji huo huo, aliandika kwamba asubuhi ya tarehe 22 Oktoba 1850, akiwa bado kitandani, alijiwa na wazo la kuunganisha mwili na nafsi kwa mlinganyo mmoja. Kitabu chake kilitoka mwaka 1860. Kwa mujibu wa Fechner, hisia hukua kwa logarithimu ya kichocheo: nguvu ikizidishwa kwa kumi, kisha kwa kumi tena, hisia hupanda hatua moja, kisha hatua nyingine iliyo sawa na ile ya kwanza. Wazo hili lilitawala kwa miaka mingi, nalo lina uzuri wake. Hata hivyo, halikutokana na kumwuliza mtu sauti hii ni kubwa mara ngapi kuliko ile. Fechner alichukulia kwamba tofauti ndogo kabisa zinazotambulika zote ni sawa, akazijumlisha.

Waliokwenda kuuliza walikuwa watu wa simu. Wahandisi wa kampuni ya Bell, Marekani, walitaka kujua ni kiasi gani cha sauti kinachopotea njiani kati ya mji na mji, na mwanzoni walikipima kwa maili za waya wa kawaida. Mnamo miaka ya 1920 wakakiacha kipimo hicho, wakatunga kingine kilichoishia kuitwa desibeli, kwa kumkumbuka Alexander Graham Bell. Msomaji ashike jambo hili tangu sasa, maana magazeti hulikosea kila siku: desibeli si kipimo cha ukubwa. Ni njia ya kuandika uwiano wa nguvu kwa ufupi, ambapo kila desibeli 10 ni kuzidisha nguvu kwa kumi. Hakuna sikio ndani yake. Hata hivyo, mwaka 1929 mji wa New York ulipounda tume ya kupambana na kelele, na lori lenye mitambo likapita mitaani kuzipima, ni desibeli zilizochapishwa katika taarifa ya mwaka 1930. Tangu hapo umma ukazoea kuamini kwamba kelele ina namba yake, kama joto lilivyo na namba yake.

Katika maabara za Bell palikuwapo mtu aliyejua kwamba mambo si mepesi hivyo. Harvey Fletcher, mzaliwa wa Provo, Utah, alisomea fizikia Chicago, akashiriki katika majaribio mashuhuri ya Robert Millikan ya matone ya mafuta, kisha akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza usemaji na usikivu. Mwaka 1933 yeye na Wilden A. Munson walichapisha makala juu ya ukubwa wa sauti, fasili yake, upimaji wake na ukokotoaji wake. Walikuwa na mtangulizi, B. A. Kingsbury, aliyefanya kazi ya namna hiyo mwaka 1927, lakini ni makala yao iliyobaki midomoni mwa watu.

Jaribio lenyewe lilikuwa sahili. Msikilizaji huvaa vipokea sauti masikioni. Anasikilizishwa mlio safi wa mitetemo 1000 kwa sekunde, yaani hezi 1000, kisha mlio mwingine mnene au mwembamba zaidi, naye aseme ni upi ulio mkubwa. Nguvu ya mmoja hubadilishwa hadi ionekane kwamba milio miwili imelingana. Kazi hii hurudiwa kwa vidatu vingi na kwa viwango vingi, na mwishowe huchorwa mistari inayounganisha milio yote isikikayo kuwa sawa. Mistari hiyo haikunyooka hata kidogo. Nikitumia takwimu za jedwali la kimataifa la mwaka 2003, ambazo ni sahihi zaidi kuliko zile za 1933, mlio wa hezi 63, mnene kama mvumo wa ngoma kuu, huhitaji desibeli zipatazo 37 ndipo uanze kusikika, ilhali ule wa hezi 1000 huanza kusikika kwenye desibeli mbili au tatu tu. Ili ulingane na mlio wa hezi 1000 wenye desibeli 40, ule mnene huhitaji desibeli 73. Ili ulingane na wenye desibeli 80, huhitaji desibeli 98. Hebu tupige hesabu kidogo: kwa hezi 1000 tumepanda desibeli 40, na kwa hezi 63 tumepanda desibeli 25 tu, ilhali sikio limehisi ongezeko lile lile. Mlio mnene huchelewa kuingia sikioni, lakini ukishaingia hukua upesi.

Kipimo kinachotumia mlio wa hezi 1000 kuwa mizani, ambacho Heinrich Barkhausen wa Dresden alikuwa amekianzisha kabla ya hapo, chaitwa foni. Mlio wowote usikikao sawa na ule wa hezi 1000 wenye desibeli 40 una foni 40. Lakini foni hutuambia tu kipi kimelingana na kipi. Haisemi kwamba foni 80 ni ukubwa maradufu wa foni 40. Fletcher na Munson walitaka kuvuka mpaka huo, na ujanja walioutumia wanifurahisha hadi leo. Walichukulia kwamba sauti isikilizwayo kwa masikio mawili ni kubwa mara mbili ya ile isikilizwayo kwa sikio moja. Wakachukulia pia kwamba milio miwili iliyolingana, ikiwa imeachana vya kutosha kwa vidatu vyake, hutoa pamoja ukubwa wa mara mbili. Kwa hiyo ilitosha kutafuta ni desibeli ngapi za ziada ambazo sikio moja lahitaji ili lilingane na mawili. Hapo walipata ngazi, na kwa ngazi hiyo wakaweza kuitenganisha sauti iliyochangamana katika milio yake, wakakokotoa ukubwa wa kila mmoja, wakapunguza pale milio inapofunikana, kisha wakajumlisha. Huo ndio uliokuwa mfano wa kwanza wa kihesabu wa sikio unaostahili jina hilo.

Wasikilizaji wao walikuwa 11.

Wakati huo huo, ng'ambo ya pili ya Atlantiki, wataalamu walikuwa wakibishana kama jambo lenyewe lawezekana. Chama cha Uingereza cha Kuendeleza Sayansi kiliunda mwaka 1932 kamati ya wanafizikia na wanasaikolojia, ikiongozwa na A. Ferguson, ili iamue iwapo hisia za binadamu zaweza kupimwa. Norman Campbell, aliyekuwa bingwa wa falsafa ya vipimo, alishikilia kwamba kupima ni kujumlisha: fimbo mbili huunganishwa kichwa kwa mkia zikatoa urefu mmoja, lakini hisia mbili za ukubwa huunganishwaje? Kamati ilikaa hadi mwaka 1940 na haikuafikiana. Mfano uliosumbua kikao ulikuwa ngazi ya ukubwa wa sauti iliyotungwa Harvard na S. S. Stevens, ambaye mwaka 1936 alikipa kipimo chake jina la soni. Soni moja ni ukubwa wa foni 40. Soni mbili ni sauti ambayo msikilizaji mwenyewe aiona kuwa kubwa mara mbili.

Stevens hakukubali kushindwa kwa hoja za wanafalsafa. Mwaka 1946 alijibu kwa makala iliyozigawa ngazi za vipimo katika aina nne, mgawanyo ambao kila mwanafunzi wa takwimu hukariri siku hizi bila kujua kwamba ulizaliwa katika ugomvi juu ya masikio. Baadaye akaacha vizuizi vyote, akawa anawaomba watu waziambatishe sauti na namba wazionazo kufaa. Matokeo yalimfanya aseme, katika makala mashuhuri ya mwaka 1961, kwamba Fechner apewe heshima zake na sheria yake ifutwe. Hisia, kwa maoni ya Stevens, haikui kwa logarithimu bali kwa kipeo: ukubwa hulingana na nguvu ya sauti iliyoinuliwa kwa kipeo cha takribani 0.3. Kwa lugha nyepesi, ongeza desibeli 10 na ukubwa utazidi maradufu. Hivyo foni 80 ni soni 16. Ni kanuni nzuri kwa milio ya vidatu vya kati isiyo hafifu mno. Lakini ni wastani wa watu waliotofautiana sana, na nikiri kwamba mimi mwenyewe, nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo na kuombwa nitaje sauti ambayo ni "nusu" ya nyingine, nilitaja namba kwa aibu tu, ili nisionekane sijui.

Swali lililobaki lilihusu kujumlisha. Mita hujumlisha nguvu. Je, sikio nalo hufanya hivyo? Jibu lilitoka Stuttgart, kwa Eberhard Zwicker, aliyefanya kazi pamoja na Richard Feldtkeller, na ambaye mwaka 1957 alishirikiana na Gordon Flottorp na Stevens mwenyewe katika makala moja. Chukua kundi la milio yenye nguvu isiyobadilika, kisha itanue polepole ili vidatu vyake viachane. Kwa muda, ukubwa haubadiliki. Ukishapita upana fulani, ukubwa huanza kupanda, ingawa mita haioni lolote. Sababu yake imo ndani ya kijumba kile cha sikio kilichojipinda mfano wa kombe la konokono. Georg von Békésy, ambaye kazi yake ilianza katika maabara ya simu ya Budapest na ikamletea Tuzo ya Nobel mwaka 1961, alikuwa ameonyesha kwamba wimbi husafiri juu ya utando ulio ndani ya kijumba hicho, na kwamba kila kidatu hutikisa zaidi mahali pake. Milio iliyo karibu hugombania mahali pamoja. Iliyo mbali huamsha kila mmoja mahali pake. Zwicker aliugawa uwanja wote wa usikivu katika kanda 24, kila ukanda ukiitwa baki, kwa heshima ya Barkhausen. Katika kila ukanda hukokotolewa ukubwa wake, huongezwa ule unaomwagikia kanda za jirani, kisha vyote hujumlishwa. Mwanzoni kazi hiyo ilifanywa kwa karatasi zilizochorwa tayari, mhandisi akijaza mistari na kupima eneo lililo chini yake. Mwaka 1972 Paulus na Zwicker waliitolea programu ya kompyuta.

Stevens naye alikuwa na njia yake, nyepesi zaidi, ambayo huchukua ukanda wenye ukubwa kuliko wote na kuongezea sehemu tu ya zilizobaki. Shirika la Kimataifa la Viwango lilipotoa pendekezo lake la mwaka 1966, lilikubali njia zote mbili, ya Stevens ikiwa A na ya Zwicker ikiwa B, nazo hazitoi jawabu moja kwa sauti moja. Wahenga walisema juu ya mafahali wawili na zizi moja. Hawa walikaa zizini miaka hamsini.

Yote haya yalikuwa mambo ya maabara. Barabarani palitawala chombo kingine. Mwaka 1936 kiwango cha Marekani cha mita za sauti kilielekeza kwamba mita ipunguze milio minene kwa kufuata mstari wa foni 40 wa Fletcher na Munson, na kwamba kwa sauti kubwa zaidi itumie mstari mwingine. Kipimo cha kwanza chajulikana kwa herufi A, na kilikusudiwa sauti za chini. Lakini A ilikuwa rahisi, haikuhitaji mtu kubadilisha swichi, na kidogo kidogo ikatumika kwa kila sauti, kuanzia mnong'ono hadi ndege ya abiria. Kwenye hezi 63 hupunguza desibeli 26, sauti iwe hafifu au ya kutetemesha madirisha. Tumekwisha kuona kwamba sikio haliendi hivyo: kwenye foni 40 pengo ni desibeli 33, na kwenye foni 80 ni 18 tu. Tena A hujumlisha nguvu, haijumlishi kanda.

Kipimo hicho ndicho kilichoingia katika sheria za nchi nyingi, na yetu mojawapo. Kanuni za Kenya za kudhibiti kelele za mwaka 2009 huweka mipaka kwa desibeli A. Katika makazi, nje ya nyumba, ni 50 mchana na 35 usiku. Sisemi kwamba kanuni hizo hazifai. Bila namba moja iliyo rahisi, askari na hakimu wangetegemea nini? Lakini mwenye ukumbi wa muziki akizidisha mdundo mnene peke yake, ukubwa asikiao jirani hupanda upesi kuliko sindano ya mita, na jirani huyo akilalamika asidhaniwe mzushi. Ni kweli kwamba namba ipo upande wa mwenye ukumbi, lakini namba hiyo ilitokana na masikio yaliyokuwa yakisikiliza milio ya upole.

Masahihisho yalikuja polepole. D. W. Robinson na R. S. Dadson wa maabara ya taifa ya fizikia huko Teddington, Uingereza, walichora mistari mipya mwaka 1956, nayo ikawa kiwango cha kimataifa kwa miongo kadhaa. Baadaye wachunguzi waligundua kwamba mistari hiyo imepotoka kwa milio minene, mahali pengine kwa desibeli zinazokaribia 15. Kundi la kimataifa lililoongozwa na Yôiti Suzuki wa Japani lilikusanya vipimo vya nchi mbalimbali, na kiwango kipya kikatoka mwaka 2003. Wengi walishangaa kuona kwamba mstari wa foni 40 wa mwaka 1933 ulikuwa umekaribia ukweli kuliko ule wa 1956.

Huko Cambridge, Brian Moore na Brian Glasberg walipima upya upana wa kanda, wakaona kwamba kwa milio minene ni nyembamba kuliko alivyosema Zwicker. Mfano wao wa mwaka 1997 huanza na mapito ya sauti katika sikio la nje na la kati, hufika kwenye utando, hukokotoa mtikisiko wa kila mahali, kisha hugeuza mtikisiko huo kuwa ukubwa. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba waweza kurekebishwa kwa sikio lililopungukiwa. Mzee asiyesikia mnong'ono kisha akalalamika "mbona wanipigia kelele?" hana ukaidi: sikio la namna hiyo huanza kusikia kwa kuchelewa, halafu ukubwa hupanda ghafla. Hesabu hizo husaidia kurekebisha vifaa vya kusikilizia. Mwaka 2017 kiwango cha kimataifa kiliandikwa upya, njia ya Stevens ikaachwa, na ya Zwicker na ya Moore na Glasberg zikawekwa katika sehemu mbili tofauti. Sehemu ya tatu, ya sauti zinazobadilika kila mara, ilitoka mwaka 2023. Kwa upande wa redio na televisheni, pendekezo la kimataifa la mwaka 2006 lilichagua njia nyepesi mno, karibu na mita ya kawaida, kwa kuwa majaribio yalionyesha kwamba kwa vipindi vya utangazaji ilifanya kazi vizuri sawa na mifano tata. Jambo hilo liwanyenyekeze wapenda hesabu.

Sasa tuurudie mkazo, maana wasomaji wa jarida hili ni watu wa lugha. Mwaka 1955 na 1958 D. B. Fry alionyesha, kwa maneno ya Kiingereza yaliyotengenezwa kwa mashine, kwamba nguvu ya mawimbi huwasaidia wasikilizaji kuutambua mkazo kwa kiasi kidogo kuliko urefu wa irabu na mabadiliko ya kidatu. Mwaka 1959 Ilse Lehiste na Gordon Peterson walieleza jambo la ajabu zaidi: irabu zilizotamkwa kwa juhudi iliyo sawa zilisikika kuwa na ukubwa ulio sawa, ijapokuwa nguvu zao hewani zilitofautiana. Nao Peter Ladefoged na Norris McKinney, mwaka 1963, waliona kwamba msikilizaji anapokadiria ukubwa wa usemi hufuata kazi iliyofanywa na pumzi ya msemaji. Yaani penye usemi sikio hulenga kifua cha aliyesema. Ndiyo maana ukelele uliotoka ng'ambo ya bonde na kufika ukiwa hafifu bado twausikia kuwa ukelele, na mwenye kunong'ona sikioni bado ananong'ona, hata kama mita yaonyesha namba kubwa zaidi kwa wa pili. Mifano niliyoieleza yote ilijengwa juu ya milio na mivumo isiyo na kinywa. Haina mahali pa kuliweka jambo hili.

Kwa Kiswahili twaweza kulijaribu kwa neno kama *tabibu*. Mkazo umo katika *bi*, na hakuna mzawa wa lugha atakayeisikia kuwa ndogo kuliko *ta*. Lakini irabu *a* hutamkwa kwa kinywa kilichopanuka, nayo kwa asili hutoa nguvu nyingi kuliko *i*. Nimewaweka wanafunzi mbele ya mtambo mara kadhaa, mmoja akalitamka neno na wengine wakaitazama sindano. Sindano ilipanda kwenye *ta*. Nilipowauliza ni silabi ipi waliyoisikia kuwa kubwa, walijibu *bi*, kisha wakaniuliza kama mtambo umeharibika.